Kumi na Wawili

Miaka kumi na tisa nafundisha historia hapa Bangor,
na kila insha niliyosahihisha ilikuwa na wasomaji wawili:
aliyeiandika, akiwa na usingizi,
na mimi, nikiwa na chai.
Kisha kabati. Kisha, kila Julai, mashine ya kukatakata karatasi.

Mwaka huu nikasema basi.
Kila mmoja atafute jambo la bonde lake
ambalo ensaiklopidia ya mtandaoni hailijui,
aliandike kwa Kiwelisi, alitie marejeo,
abonyeze, ashike roho.
Wakaguna. Meurig akauliza iwe kurasa ngapi.

Heledd alichagua machimbo ya Cwm Brwyn,
mlima uliotolewa utumbo, bamba kwa bamba,
ili paa za miji ya mbali zisivuje.
Akaandika: Mwaka 1934 ukuta wa kaskazini uliporomoka.
Walikufa watu kumi na wanne.

Dakika kumi na moja tu, na kumi na wanne wakafutwa.
Mhariri asiye na uso,
mwenye jina la ndege na tarakimu tatu,
aliacha maneno matatu:
Chanzo kiko wapi?

Alinijia ofisini, koti likichuruzika.
"Chanzo ni bibi wa mama yangu.
Alikuwa na miaka sita. Alizihesabu machela."
Nikamweleza, na nilijichukia nikieleza,
kwamba kumbukumbu ya bibi haina namba ya ukurasa.

Tukaenda kwenye nyaraka, Jumanne ya mvua
(huku kwetu ukisema Jumanne umeshasema mvua).
Daftari la mishahara: jina, tani, shilingi, peni,
na kando ya majina kumi na mawili
msalaba mdogo wa wino mwekundu,
nadhifu, wa karani anayewahi chakula cha mchana.
Tulihesabu kwa kidole. Tukahesabu kwa rula.

Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa,
lakini daftari hili aliliandika mwenye mali,
na wawili hawa hawakuwa hata mali:
wavulana wa kuchemsha chai,
ujira wao mkate na ruhusa ya kukaa karibu na moto.
Asiyelipwa hana mstari.
Asiye na mstari hakufa.

Heledd akaandika kumi na wawili, akatia rejeo.
Ukurasa ukatulia.
Usiku ule ule mtu wa Patagonia
akamrekebishia herufi moja, mwanzoni mwa neno,
kisha akaondoka bila kuaga,
kama jirani anayefunga lango lako kondoo wasitoke.

Nikamwonyesha Heledd nyuma ya ukurasa,
pale kila kilichofutwa kinapowekwa na saa yake.
"Tazama, wako hapa, kumi na wanne wote.
Saa tatu na dakika arobaini usiku."
Akatazama.
"Kwa hiyo waliishi dakika kumi na moja," akasema.
Sikuwa na la kujibu. Nilisoma chuo miaka minane
nikakosa la kujibu.

Fomu ya alama ina kisanduku: Matumizi ya vyanzo.
Nimeandika themanini na mbili.
Nimefuta. Nimeandika tena themanini na mbili.
Hakuna mahali panapohifadhi kufuta kwangu.

Jumapili alimsomea bibi, simu mkononi,
polepole kwa sababu ya masikio.
Majina kumi na mawili.
Bibi aliitikia kila moja kwa kidevu,
kama mwenyeji anayehesabu wageni mlangoni.
La mwisho likaisha. Akangoja.

"Na Ithel?"

"Hayumo, bibi."

"Soma tena," akasema. "Umemruka."